Estonia, Ukraine au Urusi: tuige serikali mtandao ya nani?

Hudhuria kongamano lolote la serikali mtandao, hutakosa kuonyeshwa Estonia: nchi ya watu milioni 1.3, kodi inawasilishwa kwa dakika chache, kura inapigwa mtu akiwa jikoni kwake. Miaka ya karibuni Ukraine nayo imepanda jukwaani na programu yake ya simu, Diia. Urusi haitajwi sana kwenye majukwaa hayo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Mfumo wake wa huduma za serikali mtandaoni, Gosuslugi, una watumiaji zaidi ya milioni 100, na kwa shughuli za kila siku unafanya kazi vizuri kweli. Anayetaka kuchagua asiuruke.

Nchi hizi tatu ni ndugu waliotoka nyumba moja. Hadi 1991 zote zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, zikiwa na pasipoti ya ndani ileile, mhuri wa makazi ambao bila huo huruhusiwi kuishi Moscow, na karani yuleyule anayekwambia urudi kesho na karatasi nyingine. Ndiyo maana kuzilinganisha kuna faida kuliko kulinganisha, tuseme, Estonia na Singapore. Mahali pa kuanzia palikuwa pamoja, hivyo tofauti unazoziona leo zimetokana na maamuzi ya watu.

Nawaandikia walioletewa muswada wa kitambulisho cha kidijitali watoe maoni, waandishi wanaofuatilia zabuni, na vijana wa programu ambao kesho wataitwa kujenga mfumo wa halmashauri. Sitashindanisha programu ipi ina rangi nzuri. Ninachotaka kujua ni hiki: mfumo ukishawashwa, nani anamwona nani?

Walikoanzia

Estonia ilianzia shuleni. Mwaka 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango ulioitwa Tiigrihüpe, wa kupeleka kompyuta na intaneti katika shule zote, wakati nchi ikiwa bado maskini. Mwaka 2000 watu wakaanza kuwasilisha kodi mtandaoni. Mwaka 2001 ukaja X-Road, mfumo unaounganisha taasisi za serikali, na 2002 kadi ya kitambulisho yenye chipu. Utaona kwamba watu walifundishwa kwanza, kadi ikafuata. Programu ya simu ya serikali ndiyo iliyochelewa kabisa, na Waestonia walipoamua kuitengeneza walikwenda kujifunza kwa Waukraine.

Urusi ilianza kwa uhuru ambao leo ni vigumu kuuamini. Mtandao wa kompyuta wa Relcom uliwashwa mwaka 1990. Agosti 1991, wahafidhina walipojaribu kumpindua Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, na televisheni ikawa inaonyesha densi ya baleti, wahandisi wa Relcom ndio waliopitisha habari kutoka mji hadi mji na kuzitoa nje ya nchi. Kwa miaka mingi baadaye Kremlin iliishika televisheni na kuuacha mtandao. Gosuslugi ilifunguliwa Desemba 2009 katika hali hiyo. Miaka miwili baadaye makumi ya maelfu ya watu walijaa mitaani Moscow kupinga matokeo ya uchaguzi wa bunge, wengi wakiwa wameitana kwa Facebook na VKontakte, mtandao wa kijamii wa Kirusi, na hapo ndipo uzio ulipoanza kujengwa. Novemba 2012 ikaja orodha ya tovuti za kufungiwa. Mwaka 2014 Pavel Durov, mwanzilishi wa VKontakte, akaacha kampuni yake na nchi yake. Mwaka 2019 ikaja sheria ya "intaneti huru ya taifa", iliyolazimisha kampuni za mawasiliano kufunga vifaa vya serikali vinavyochuja kila kinachopita.

Ukraine ilianzia barabarani. Usiku wa tarehe 21 Novemba 2013 mwandishi wa habari Mustafa Nayyem aliandika kwenye Facebook akiuliza nani yuko tayari kwenda kuandamana uwanja wa Maidan, Kyiv, kabla ya saa sita usiku. Februari iliyofuata Rais Yanukovych alikuwa ameshakimbia, na baadhi ya waliolala uwanjani wakaingia serikalini na mawazo yao. Hao ndio walioleta Prozorro, mfumo wa zabuni, miaka kadhaa kabla Diia haijazaliwa mwaka 2020.

Nani anamwona nani

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Estonia haina kanzidata moja kubwa iliyokusanya kila kitu. Hospitali inatunza ya kwake, polisi ya kwao, msajili wa ardhi ya kwake. Taasisi moja ikihitaji kitu kwa nyingine inauliza kupitia X-Road. Swali linasafiri limefungwa kwa usimbaji, limetiwa saini, na linaacha alama. Alama hiyo mwananchi anaiona. Anachomeka kadi kwenye kompyuta, anaandika namba ya siri ya kwanza, anaingia eesti.ee na kufungua ukurasa wa kufuatilia taarifa zake. Anakuta mistari: taasisi fulani, tarehe, saa, na sababu ya kuangalia. Akiona polisi wamefungua taarifa zake siku ambayo hakuwa na shauri lolote nao, ana haki ya kuuliza, na mtumishi aliyechungulia bila sababu anaadhibiwa. Kuna watumishi walioadhibiwa kweli. Mgonjwa anaweza pia kulifunga faili lake la matibabu madaktari wasilione. Namba ya siri ya pili ni ya kutia saini tu, na saini hiyo mbele ya sheria ni sawa na ya kalamu.

Juu ya hayo kuna kanuni ambayo kwetu ingepigiwa vigelegele: serikali ikishakuuliza jambo mara moja, ofisi nyingine haina ruhusa ya kukuuliza tena. Hakuna kupeleka nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa ofisi iliyokitoa.

Ukraine ilichukua teknolojia ya X-Road kwa msaada wa Waestonia na kujenga mfumo wake, Trembita. Juu yake ndipo ilipokaa Diia, ambayo tangu Agosti 2021 pasipoti iliyomo ndani yake ni halali sawa na ya karatasi. Lakini ukiniuliza Waukraine wamewazidi wenzao wapi, sitataja Diia. Nitataja Prozorro. Tangu Agosti 2016 ununuzi wa umma wa nchi nzima umepaswa kupita humo. Taasisi inatangaza inachotaka, wauzaji wanashindana kwa mnada wa mtandaoni, na mnada ukiisha nyaraka za wote, walioshinda na walioshindwa, zinafunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti. Huombi kibali kwa mtu. Unaweza kukaa na kikombe chako cha chai ukaangalia hospitali ya wilaya imenunua mashuka kwa bei gani.

Uzuri wa mfumo huo ulionekana pale ulipokosekana. Vita na Urusi vilipopamba moto, manunuzi ya jeshi yalifichwa, jambo ambalo lina mantiki yake. Januari 2023 mwandishi Yuriy Nikolov akatoa mkataba wa chakula cha askari: yai moja lilikuwa limeandikwa hryvnia (fedha ya Ukraine) 17, wakati dukani Kyiv lilikuwa kama hryvnia 7. Wizara ikatetea na kusema ni makosa ya kiufundi. Naibu waziri wa ulinzi akajiuzulu katika siku hizohizo, na bunge likapitisha sheria ya kulazimisha bei za manunuzi kama hayo zichapishwe hata vitani. Waziri mwenyewe akaondoka Septemba. Watu waliokuwa wamezoea kuona bei kwa miaka zaidi ya sita hawakukubali kufumbwa macho, hata kwa kisingizio kizito kama vita.

Sasa Urusi. Kwa mtu wa kawaida Gosuslugi ni raha: unaweka miadi ya daktari, unaandikisha mtoto shule, unalipa faini ya barabarani kwa punguzo, unaomba pasipoti. Wasiopenda serikali ya Putin hata kidogo wanaitumia. Kisha, Septemba 2022, ikaja amri ya kuandikisha askari wa akiba kwa vita vya Ukraine. Wito ulikuwa wa karatasi, na sheria ilitaka ukabidhiwe mkononi, kwa hiyo watu wakawa hawafungui mlango, wengine wakavuka mpaka. Aprili 2023 sheria ikabadilishwa kwa kasi: wito ukiingizwa kwenye rejista ya kielektroniki unahesabika kuwa umekufikia baada ya siku saba, usome usisome. Aliyeitwa hawezi kutoka nchini. Asipotokea kwa siku 20, anazuiwa kuendesha gari, kukopa benki na kusajili nyumba. Mlango ni uleule uliomwandikishia mtoto shule.

Kamera nazo zina kisa chao. Mwaka 2019 mwanamume mmoja alipanda metro ya Moscow akiwa peke yake na sanamu ya kadibodi, kimo cha mtu, ya mwanaharakati Konstantin Kotov. Hakumgusa mtu, hakupiga kelele. Picha zikasambaa Telegram, polisi wakamtambua, na siku chache baadaye akakamatwa ndani ya metro na kupigwa faini. Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Urusi ilikiuka haki zake kwa kutumia teknolojia ya kutambua sura. Urusi ilikuwa imeshaondoka Baraza la Ulaya, lenye mahakama hiyo, hivyo hukumu ikabaki hukumu.

Hili linawagusa hata vijana wetu wanaokwenda kusoma huko. Tangu Januari 2025 mgeni hapati laini ya simu Urusi bila kusajili sura na sauti yake na kuwa na akaunti ya Gosuslugi. Kama unachagua chuo, liweke hilo kwenye hesabu pamoja na ada na baridi.

Kura

Estonia ilipigisha kura mtandaoni kwa mara ya kwanza mwaka 2005, uchaguzi wa serikali za mitaa, na waliothubutu hawakufika 10,000. Machi 2023, katika uchaguzi wa bunge, zaidi ya nusu ya kura zote zilipigwa mtandaoni. Siri yake ni namna walivyolishughulikia tatizo la kulazimishwa: ukipiga kura mbele ya bosi au mume anayekukodolea macho, unaweza kupiga tena baadaye, na inayohesabiwa ni ya mwisho. Ukienda kituoni kupiga ya karatasi, ya mtandaoni inafutwa. Hata hivyo si wote walioridhika. Chama cha upinzani EKRE kimeupinga mfumo huo mara kadhaa, na wataalamu wa usalama wa kompyuta kutoka nje waliwahi kuukosoa vikali. Napenda kwamba mabishano hayo yanafanyika hadharani.

Moscow ilifanya yake Septemba 2021. Katika majimbo kadhaa wagombea wa upinzani walikuwa wanaongoza kwa kura za karatasi. Matokeo ya mtandaoni yakachelewa, kisha yakatoka, na wote wakawa wameshindwa. Hakuna mwananchi aliyekuwa na njia ya maana ya kuhakiki.

Ukraine haijapiga kura za viongozi kwa simu, pamoja na umaarufu wote wa Diia. Wameitumia kumchagua mwimbaji wa kwenda Eurovision, na hapo ndipo ninapoona ni mahali pake. Kama nchi yako bado inagombana kuhusu fomu za matokeo zilizobandikwa ukutani, kura ya simu isikupotezee muda.

Siku mambo yakiharibika

Aprili 2007 Estonia iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn. Kukawa na fujo mitaani, kisha kwa wiki kadhaa tovuti za serikali, benki na magazeti zikashambuliwa. Walichofanya baadaye ni pamoja na kuweka nakala za rejista zao muhimu kwenye seva zilizoko Luxembourg, zenye kinga kama ya ubalozi. Mwaka 2017 likagundulika tatizo kwenye chipu za kadi zao, kama 760,000 hivi. Serikali ililitangaza yenyewe Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi, na Novemba ikasimamisha vyeti vya kadi hizo hadi vihuishwe. Nadhani hilo la kutangaza ndilo gumu kuliko lote kuliiga.

Ukraine iliponea chupuchupu. Sheria ilitaka kanzidata za serikali zibaki ndani ya nchi. Ikabadilishwa Februari 2022, na taarifa zikahamishiwa nje huku mizinga ikilia. Lakini Diia ni dirisha tu, vitu vyenyewe viko kwenye rejista nyuma yake. Desemba 2024 wadukuzi waliziangusha rejista za Wizara ya Sheria, na kwa wiki kadhaa shughuli kama za kuuza nyumba na kusajili ndoa zikakwama au kurudi kwenye karatasi. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya simu ya Kyivstar, yenye wateja kama milioni 24, ilizimwa kwa siku kadhaa na shambulio la wadukuzi.

Urusi ina tatizo la aina nyingine, kwamba anayezima mara nyingi ni serikali yenyewe. Facebook na Instagram zilifungwa Machi 2022. YouTube ilipunguzwa kasi 2024. Agosti 2025 ikawa zamu ya kupiga simu kwa WhatsApp na Telegram, na mwezi uliofuata programu ya ujumbe ya Max, iliyobarikiwa na serikali, ikaanza kuwekwa kwa lazima kwenye simu mpya. Mwaka huohuo mikoa mingi ilikatiwa intaneti ya simu kwa sababu iliyotajwa kuwa ni droni za Ukraine, na ikatengenezwa orodha ya huduma chache za kuachwa wazi, Gosuslugi na Max zikiwemo. Kwa maneno mengine, ukikatiwa dunia unaachiwa serikali.

Majirani wameonyesha jambo hilo hata zaidi. Belarus ilizima intaneti kwa siku kama tatu baada ya uchaguzi wa Agosti 2020. Kazakhstan ilizima kwa siku kadhaa Januari 2022 wakati wa maandamano yaliyoanza kwa bei ya gesi, na kwa kuwa watu walikuwa wamezoea kulipa kwa simu na kadi, mkate ukawa wa mwenye noti mfukoni. Msomaji wa Uganda anayekumbuka intaneti ilivyozimwa Januari 2021 hahitaji maelezo.

Uchague nini

Kama ugonjwa wako ni wizi wa zabuni, anza na Ukraine. Prozorro hauhitaji kila mwananchi awe na kadi yenye chipu wala simu ya bei. Unahitaji sheria ya kufungua nyaraka zote baada ya mnada, na waandishi wasiofungwa kwa kuzisoma. Halmashauri moja inaweza kuanza bila kusubiri nchi nzima.

Kama uko kwenye kitambulisho, nenda Estonia, lakini usianze na kadi. Kenya iliianza Huduma Namba kwa kuandikisha watu kwanza, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaisimamisha kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa binafsi haikufanyika. Sheria, chombo cha kuisimamia, kisha kadi. Usidanganyike pia kwamba ukinunua X-Road umenunua Estonia. Kyrgyzstan ilijenga mfumo wake, Tunduk, kwa teknolojia hiyohiyo, na huduma zikaboreka kweli. Aprili 2024 nchi hiyohiyo ikapitisha sheria ya kuyabana mashirika yanayopokea fedha za nje, na mwezi huohuo TikTok ikafungwa.

Kama unavutiwa na kasi ya Diia, ichukue kama sura ya mbele na uweke bajeti kubwa zaidi kwa rejista zilizo nyuma, pamoja na nakala zake nje ya jengo moja.

Ya Urusi isome kama mwanasheria. Chukua muswada ulioko mezani kwako, utafute kifungu kinachosema taarifa iliyotumwa kwenye akaunti inahesabika imepokelewa, kisha uangalie ni haki gani zinaweza kusimamishwa bila hakimu kugusa faili. Ukizikuta zote mbili kwenye muswada mmoja, andika maoni yako hapohapo.

Kwa kijana wa programu nina ombi moja. Kwenye mfumo unaoujenga, weka jedwali la nani amefungua taarifa za nani, lini na kwa sababu gani, na ukurasa wa mwananchi kulisoma mwenyewe. Ni kazi ndogo ikiwekwa kwenye mkataba wa kwanza. Mkubwa akikuuliza linahitajika la nini, mwambie ni la usalama, naye atasaini.